TP Mazembe ya Lubumbashi: nani amekuwa akiilisha timu hii tangu 1939?

Tarehe 14 Desemba 2010, katika muji wa Abu Dhabi, timu kutoka Katanga ilipiga Internacional ya Brazil magoli 2 kwa 0. Mulota Kabangu alifunga la kwanza, Dioko Kaluyituka akaweka la pili wakati muchezo ulikuwa unakaribia kwisha, naye mulinda-lango Robert Kidiaba akashangilia kwa ile namna yake: kukaa chini kwenye majani na kuruka-ruka kwa makalio. Hadi siku ile, fainali ya Kombe la Dunia la klabu ilikuwa kitu cha Ulaya na Amerika ya Kusini peke yao. TP Mazembe ndiyo ilikuwa timu ya kwanza kutoka bara lingine kufika pale.

Siku ine baadaye, Inter ya Milan ilishinda fainali 3 kwa 0, kwa magoli ya Pandev, Eto'o na Biabiany. Ilikuwa ushindi wa haki. Lakini Lubumbashi watu wengine hawakukubali, na vijana wakaanza kuvunja maduka ya Wachina juu ya kuamini kwamba refa alikuwa Muchina. Kumbe refa alikuwa Yuichi Nishimura, Mujapani. Kisa hicho wapenzi wa Mazembe hawapendi kukumbushwa, na inaeleweka. Hata hivyo kinaonyesha jinsi timu hii inavyobeba moyo wa muji muzima, kwa mema na kwa mabaya.

Kutoka Kalemie hadi Bunia, ni vigumu kukosa mutu mwenye jezi nyeusi na nyeupe. Na kila ekipe inayozaliwa kwenye majimbo ya mashariki, siku moja viongozi wake watasema wanataka kuwa « kama Mazembe ». Sawa. Lakini kama Mazembe ni kama nini? Ukiuliza barabarani, jibu la haraka ni moja: franga ya Moïse Katumbi. Jibu hilo si uongo, ila ni nusu. Wakati Mazembe ilipopewa kombe lake la kwanza la Afrika, Katumbi alikuwa mutoto mudogo wa miaka miwili, hajatimiza mitatu. Kuna mambo yaliyotangulia, na yanaanza na mapadri.

Skauti wa Élisabethville

Mwaka 1939, Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Élisabethville. Ulikuwa muji wa shaba: Union Minière ilishika migodi, reli ilibeba shaba, na kanisa Katolika lilishika masomo. Katanga ilikuwa eneo la wamisionari Wabenediktini, na ndio waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface. Hawa mapadri walitafuta kazi ya kuwapa wanafunzi ambao hawakuelekea upadri, ili wasizurure muji. Wakaanzisha timu ya mupira kati ya skauti, wakaipa jina la mutakatifu mulinzi wa skauti: Saint-Georges.

Mwaka uleule wa 1939, wafanyakazi wa reli nao walizaa timu yao, Saint-Éloi Lupopo, kwa jina la mutakatifu wa wafua vyuma. Kwa hiyo ugomvi wa Mazembe na Lupopo, ambao leo unagawanya familia ndani ya nyumba moja, ulianza kama ugomvi wa shule na karakana. Waliosoma upande huu, cheminots upande ule. Leo hakuna anayechagua timu kwa sababu hiyo, lakini Lupopo wanaendelea kujiita wana wa reli na hawaoni haya.

Baadaye Saint-Georges ilianza kupokea vijana wasiokuwa skauti, jina likageuka Saint-Paul. Mwisho wa mwaka 1944 Wabenediktini waliacha uongozi. Ndipo timu ilichukua jina ambalo wazee wengi wa Katanga wanalitaja hadi leo: Englebert. Huyo hakuwa mutakatifu tena. Englebert ilikuwa kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza magurudumu ya mipira ya magari. Miaka mingi kabla ya matangazo ya simu na bia kujaa kwenye jezi, timu ya Lubumbashi ilikuwa tayari inacheza kwa jina la chapa ya pineu.

Ukiyafuata majina hayo unaona jambo moja: jina lilitaja yule aliyeishika timu mukono. Kwanza kanisa, kisha biashara.

Miaka ine, fainali ine

Uhuru ulifika mwaka 1960, na Katanga ikajitenga hadi Januari 1963. Ilikuwa miaka ya vita, na mupira ulienda ukichechemea. Timu ikapangwa upya. Mwaka 1966 ikachukua vyote vilivyokuwapo vya kuchukua: ubingwa wa nchi, kombe la Kongo na kombe la Katanga. Hapo ndipo neno « Tout Puissant », yaani mwenye nguvu zote, lilipachikwa mbele ya Englebert. Herufi T na P zinazosomwa leo kwenye jezi zinatoka kwenye musimu ule.

Ubingwa huo uliifungulia mulango wa Afrika. Fainali ya mwaka 1967 iliikutanisha na Asante Kotoko ya Kumasi, Ghana. Mechi ya kwanza ilikwisha 1 kwa 1, ya pili 2 kwa 2. Shirikisho la mupira la Afrika, CAF, likaamuru mechi ya tatu ichezwe Kameruni. Englebert ilifika. Kotoko haikufika, kwa sababu viongozi wa mupira wa Ghana hawakuijulisha klabu kwa wakati. Kombe likapewa Lubumbashi bila mupira kupigwa. Waghana wana kinyongo hadi leo, na ukweli usemwe, kushinda kwa namna ile hakufurahishi mutu yeyote.

Ila mwaka uliofuata hapakuwa na maswali. Katika fainali ya 1968, Étoile Filante ya Lomé ilichapwa 5 kwa 0 kwenye mechi ya kwanza, na hata iliposhinda 4 kwa 1 kwake Togo, hesabu ilikuwa imekwisha. Englebert ikawa klabu ya kwanza kushinda kombe hilo mara mbili kwa kufuatana. Ilichukua muda murefu sana kabla ya klabu ingine kufanya vile: ni Enyimba ya Nigeria, mwaka 2003 na 2004.

Mwaka 1969 ilirudi fainali, ikashindwa na Ismaily ya Misri. Mwaka 1970 ilirudi tena, na nani alikuwa anangoja? Asante Kotoko. Waghana walitoka sare kwao, kisha wakaja kushinda 2 kwa 1 hapa Kongo. Deni la 1967 likalipwa. Fainali ine katika miaka ine, mbili zikaleta kombe: hakuna timu ya nchi hii iliyofanya mufululizo kama ule tangu wakati huo, hata Mazembe yenyewe.

Timu ile ililisha pia timu ya taifa. Mwaka 1968, Addis Ababa, Kongo ilichukua Kombe la Afrika kwa kufunga Ghana goli 1 kwa 0, na aliyefunga ni Pierre Kalala wa Englebert.

Wachezaji walioitwa leopards

Katika miaka ya 1970 Mobutu aliamuru majina ya kigeni yaachwe. Nchi ikawa Zaire, watu wakaacha majina ya ubatizo, na Englebert ikawa Mazembe. Mwaka 1973 mulinzi wake Bwanga Tshimen alichaguliwa na gazeti la France Football kuwa muchezaji bora wa Afrika.

Mwaka uliofuata Zaire ilikwenda Ujerumani, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mulinda-lango wa kwanza, Kazadi Mwamba, alitoka Mazembe. Bwanga alikuwapo. Na Mwepu Ilunga naye alikuwa wa Mazembe, yule ambaye dunia inamucheka kila baada ya miaka mine juu ya kutoka kwenye ukuta na kupiga mupira mbali kabla Wabrazil hawajapiga adhabu yao. Wanaocheka hawasemi hali ilikuwa gani: timu ilikwisha kufungwa 9 na Yugoslavia, na Mwepu mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba wachezaji walikuwa wameonywa na watu wa Mobutu wasithubutu kurudi na kipigo kikubwa mbele ya Brazil. Mechi ilikwisha 3 kwa 0.

Baada ya hapo, Mazembe ilichukua kombe moja tu la Afrika, lile la washindi wa makombe, mwaka 1980, mbele ya Africa Sports ya Abidjan. Kisha giza. Miaka 29 bila kombe la bara.

Sababu hazikuwa za uwanjani tu. Lubumbashi inakula shaba. Shaba ikikosa, kila kitu kinakosa. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia mwaka 1994 kampuni ilitoa chini ya tani 50.000. Mishahara ikakatika, mbele yake kulikuwa kumetokea uporaji wa 1991, kisha kufukuzwa kwa familia zenye asili ya Kasai kutoka Katanga. Mupira unaweza kuendelea vipi katika muji ambao watu wanahesabu magunia ya unga? Mazembe ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1976, ikangoja hadi 1987, halafu ikangoja tena hadi 2000. Kijana mwenye kipaji alitafuta njia ya Ubelgiji au Afrika Kusini, basi.

Musimamizi mupya

Moïse Katumbi alichukua uongozi wa klabu mwaka 1997. Ni mutu wa Kashobwe, pembeni ya ziwa Mweru, aliyeanzia kwenye biashara ya samaki na kufika kwenye migodi kupitia kampuni yake MCK. Mwaka 2007 akawa gavana wa Katanga. Kwa hiyo kuanzia hapo raisi wa timu, tajiri wa muji na mukubwa wa jimbo walikuwa mutu mumoja.

Wengi wanadhani siri yake ilikuwa kununua wachezaji. Matajiri wa namna hiyo wamepita wengi katika mupira wa Kongo, na timu zao zimekufa nao. Kilichotofautisha Mazembe ni kubakisha wachezaji. Alilipa mishahara vizuri na kwa wakati, jambo ambalo kwenye klabu nyingi za nchi hii bado ni ndoto. Trésor Mputu, muchezaji mwenye kipaji kuliko wote wa kizazi chake, angeweza kwenda Ulaya akiwa kijana. Alibaki Lubumbashi. Kidiaba alibaki. Mihayo Kazembe alibaki. Timu iliyocheza pamoja miaka mitano au sita inajuana kama ndugu wa tumbo moja, na hiyo ndiyo ilikosekana kwa wapinzani wake ambao kila musimu walianza upya.

Matunda yalionekana mwaka 2009. Kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mazembe ilipoteza Nigeria mbele ya Heartland, 2 kwa 1. Lubumbashi ilihitaji goli moja tu. Lilichelewa, halafu likatoka kwa mulinzi wa Heartland aliyeutumbukiza mupira kwenye lango lake mwenyewe. Goli lile la ugenini likaamua yote. Mwaka 2010 hapakuwa na haja ya musaada wa mutu: Espérance ya Tunis ilichapwa 5 kwa 0 Lubumbashi, na mechi ya kurudiana ikakwisha 1 kwa 1. Mara ya pili katika historia yake, Mazembe ilishika kombe miaka miwili kwa kufuatana.

Watu wanasahau kwamba mwisho wa 2010, Abu Dhabi ikiwemo, ulichezwa bila Mputu. FIFA ilikuwa imemufungia miezi 12, na mwenzake Guy Lusadisu miezi 11, juu ya fujo mbele ya refa kwenye mashindano ya klabu huko Kigali. Timu iliyoweza kupiga Pachuca ya Mexico na Internacional bila nyota wake mukubwa haikuwa tena timu ya mutu mumoja uwanjani. Kwa kumaliza wa pili duniani ililipwa na FIFA dola milioni 4, zaidi ya mara mbili ya zawadi ya dola milioni 1,5 aliyopata bingwa wa Afrika wakati huo.

Uwanja wa Kamalondo

Sehemu kubwa ya franga haikwenda kwenye miguu ya wachezaji. Mwaka 2011 klabu ilifungua uwanja wake kwenye komini ya Kamalondo, komini ya zamani kuliko zote za Waafrika katika muji wa Lubumbashi. Una viti 18.500 na majani ya kutengenezwa. Si uwanja mukubwa. Lakini ni wa klabu, na hilo kwa Kongo ni jambo la ajabu: karibu timu zote za nchi zinacheza kwenye viwanja vya serikali, zinangoja ruhusa, zinagawana mapato, zinafukuzwa kukiwa na mukutano wa siasa. Mwaka 2012 ikafuata shule ya mupira ya vijana.

Ukaribu wa mupaka nao ulitumiwa. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa si mbali, na Zambia ina wachezaji. Rainford Kalaba, Nathan Sinkala na Stoppila Sunzu walivaa jezi ya Mazembe, na mwaka 2012 Zambia ilipochukua Kombe la Afrika mbele ya Côte d'Ivoire, penalti ya mwisho ilipigwa na Sunzu, muchezaji wa Lubumbashi.

Kutoka Tanzania alikuja Mbwana Samatta, na kisa chake kina chumvi kidogo. Mwaka 2011 Mazembe ilitoa Simba ya Dar es Salaam kwenye Ligi ya Mabingwa, 3 kwa 1 na 3 kwa 2. Simba ikalalamika kwamba mulinzi Besala Bokungu hakuwa na haki ya kucheza, kwa sababu ya mukataba wake wa zamani na Espérance. CAF ikakubali, ikafukuza Mazembe, bingwa wa Afrika, katikati ya mashindano. Lakini viongozi wa Lubumbashi walikuwa wamekwisha kumuona kijana mumoja wa Simba katika zile mechi mbili. Samatta alihamia Kamalondo mwaka uleule. Mwaka 2015 alifunga kwenye fainali zote mbili mbele ya USM Alger, 2 kwa 1 Algiers na 2 kwa 0 Lubumbashi, na Januari 2016 akatangazwa muchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza barani. Kisha akaenda Genk, Ubelgiji. Lilikuwa kombe la tano la mabingwa kwa Mazembe.

Siasa kwenye viti vya heshima

Sasa upande mwingine. Timu ikishikwa na mutu mumoja, adui wa mutu yule wanakuwa adui wa timu, na rafiki zake wanatafuta viti. Hilo si la Mazembe peke yake. Vita Club ya Kinshasa iliongozwa miaka mingi na jenerali Gabriel Amisi, na ilifika fainali ya Afrika mwaka 2014. Lupopo nayo ilikuja kuongozwa na Jacques Kyabula akiwa gavana wa Haut-Katanga. Klabu kubwa za Kongo zimezoea kutafuta mulinzi mwenye cheo, kwa sababu tiketi za mulangoni hazilipi ndege. Na katika nchi hii, kutoka Goma kwenda kucheza Lubumbashi au Kindu kwenda Kinshasa, bila ndege hakuna mechi.

Lakini joto hilo linashuka hadi kwa watu. Tarehe 11 Mei 2014, Mazembe ilikuwa inashinda Vita 1 kwa 0 kwenye uwanja Tata Raphaël wa Kinshasa. Mawe yakarushwa, polisi wakapiga gesi ya machozi, watu wakakimbilia milango, na wapatao 15 wakafa kwa kukanyagana. Walikwenda kuangalia mupira.

Kwa Mazembe, mutihani wenyewe ulikuja mwaka 2016. Katumbi, ambaye alikuwa ameacha ugavana mwaka 2015 na kuingia upinzani, aliondoka nchini mwezi wa tano. Mwezi uliofuata alihukumiwa bila kuwapo, miaka mitatu, kwa kesi ya nyumba. Yeye alisema kesi ni ya kisiasa. Agosti 2018 alijaribu kuingia kwa njia ya Kasumbalesa, akakatazwa. Alirudi Lubumbashi tarehe 20 Mei 2019 tu. Miaka mitatu raisi wa klabu aliiongoza kwa simu.

Wengi walitabiri timu itaanguka. Haikuanguka mara moja. Novemba 2016 ilichukua Kombe la Shirikisho mbele ya MO Béjaïa ya Algeria, 1 kwa 1 na 4 kwa 1. Mwaka 2017 ikalichukua tena mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini, 2 kwa 1 na 0 kwa 0, na kocha alikuwa Mihayo Kazembe, yule muchezaji wa miaka ya 2009 na 2010. Hapo ndipo iliponekana kwamba kazi ya miaka iliyotangulia ilikuwa imeacha kitu: watu wanaojua nyumba, uwanja, namna ya kufanya kazi.

Tangu 2017, hata hivyo, timu ya wanaume haijaleta kombe la Afrika. Mwaka 2019 ilifika nusu fainali, ikatolewa na Espérance kwa goli moja tu katika mechi mbili. Mwaka 2024 ilifika tena, ikatoka na Al Ahly, 0 kwa 0 na 3 kwa 0. Musimu wa 2024-2025 ulikuwa muchungu: kwenye kundi lenye Al Hilal ya Sudan, MC Alger na Young Africans ya Dar es Salaam, Mazembe ilimaliza ya mwisho. Nyumbani ilitawala miaka mingi, lakini kutawala nyumbani si kipimo kwa timu ambayo ilikaa meza moja na Inter. Wachezaji bora wanaondoka mapema kuliko zamani. Meschack Elia, aliyefunga magoli mawili kwenye fainali ya CHAN 2016 Kongo ilipopiga Mali 3 kwa 0, alikuja kuwa muchezaji wa Young Boys ya Uswisi.

Katika musimu huohuo, timu ya mashariki kabisa, AS Maniema Union ya Kindu, nayo ilicheza kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa, ikikutana na Mamelodi Sundowns, Raja ya Casablanca na AS FAR ya Rabat. Ilipokea wageni wake mbali na Kindu. Wapenzi wake wa Maniema walisikiliza kwenye redio mechi za « nyumbani » zilizochezwa mamia ya kilometa kutoka kwao. Ndiyo tofauti kati ya klabu yenye uwanja na klabu isiyokuwa nao, na haihesabiwi kwenye magoli. Kwa viongozi wa ekipe za Goma, Bukavu, Kalemie au Bunia, swali la maana labda si kumutafuta Katumbi wao. Ni kujua akipatikana, franga yake ya mwaka wa kwanza itaingia wapi: kwenye nyota mumoja wa musimu mumoja, au kwenye kiwanja, mishahara isiyokatika na watoto wa miaka 12.

Wanawake nao wamefika

Kombe la karibuni la Afrika lililoingia Kamalondo halikuletwa na wanaume. Tarehe 23 Novemba 2024, El Jadida, Moroko, timu ya wanawake ya TP Mazembe ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake na AS FAR, Wamoroko waliokuwa kwao, mbele ya watu wao. Marlène Kasaj alifunga kwa penalti, na goli hilo moja likalindwa hadi filimbi ya mwisho. Kocha alikuwa Lamia Boumehdi, yeye mwenyewe Mumoroko, na CAF ilimuchagua mwaka ule kuwa kocha bora wa timu za wanawake Afrika.

Ilikuwa mara ya kwanza klabu ya Kongo kushinda shindano hilo. Miaka miwili mbele, mwaka 2022, timu hiyohiyo ilikuwa imekwenda kwenye mashindano hayo na kutolewa kwenye makundi. Haikuvunjwa, haikubadilishiwa kila kitu. Ilirudi mazoezini kwenye uwanja uleule wa wanaume, Kamalondo, na wapenzi waliozoea kuuliza Mputu yuko wapi na Samatta yuko wapi wakaanza kujifunza majina mapya.